Zamu ya Bwana Mkurugenzi

Mwangangi alikuwa na kipaji kimoja tu, nacho alikitumia bila huruma: alijua kuusifu mji. Kitui ya mwaka 1986 ilikuwa na barabara ya lami iliyojaa mashimo, maji ya mfereji yaliyotoka siku yalipojisikia, na hoteli moja yenye vyumba thelathini. Lakini ukisoma brosha za Ofisi ya Utalii na Mikutano, ambayo yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake, ungedhani umeshuka mji mwingine. Vumbi liliitwa "hewa kavu inayofaa mapafu". Ukosefu wa maji uliitwa "maisha ya asili". Jiwe la Nzambani, ambalo watoto wa shule hulipanda kila muhula huku wakitafuna miwa, liligeuka "ajabu ambayo Ulaya bado inaisubiri".

Aliyeyapiga chapa maneno hayo yote alikuwa Muthoki, binti Ndila wa Matinyani. Kwa miaka sita alikaa mbele ya taipureta katika chumba kimoja juu ya duka la misumari, akapeleka posta bahasha hamsini kila wiki kwa makampuni, makanisa na vyama vya wafanyakazi wa Nairobi na Nakuru: njooni mfanyie mkutano wenu Kitui. Wengi hawakujibu. Wachache walijibu kuuliza Kitui iko wapi. Muthoki alichoshwa na uongo kuliko alivyochoshwa na kazi, lakini mshahara ulikuwa mshahara, na kila alichoambiwa alijibu, "Ndiyo, bwana."

Mwanzoni mwa Oktoba barua moja ilijibiwa sawasawa. Chama fulani cha mawakala wa safari kingetuma watu arobaini, siku tatu, waje wautazame mji. Wakiridhika, mkutano wao mkuu wa Februari, watu mia nne, ungeletwa Kitui. Mwangangi aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha akajinunulia tai mpya.

"Mia nne watalala wapi, bwana?" Muthoki aliuliza kwa upole.

"Shule za bweni."

"Februari wanafunzi watakuwa ndani."

"Hayo ni mambo ya Februari," Mwangangi alisema. "Sasa sikiza. Ngoma zimewachosha hawa watu. Kila mji unawachezea ngoma. Sisi tutawaonyesha mwethya. Mwethya ya kweli, akina mama na majembe na nyimbo. Nyinyi huko Matinyani si muko na kundi?"

Kundi lilikuwepo. Lilikuwa la wanawake ishirini na wanne waliochimbiana mitaro mashambani kwa zamu, kila Alhamisi kwa mmoja wao, mpaka wote wafikiwe. Mwangangi hakuhitaji kuelezwa hilo. Alizaliwa Kyuso, na mama yake alimsomesha kwa shamba lililochimbwa na mikono ya mwethya. Ila tangu avae tai alianza kuyatazama mambo ya kwao kwa jicho la mgeni, kama kitu cha kuwekwa kwenye picha, na jicho hilo alilionea fahari.

Muthoki alihesabu siku: Alhamisi ambayo wageni wangekuwapo ilikuwa zamu ya mama yake.

Shamba la Ndila, mama yake, lilikuwa kwenye mteremko mkali juu ya mto mkavu. Mvua ya Aprili ililichuna udongo wote wa juu, mbegu na samadi pamoja, ikaumwaga mtoni. Kilichobaki kilikuwa udongo mwekundu wa kina cha kiganja, na chini yake jiwe. Afisa wa kilimo alimwambia waziwazi: mvua moja zaidi bila mitaro, mama, na utakuwa unapanda mbaazi juu ya mwamba. Ndila alikuwa na miaka sitini na miwili na goti moja bovu. Tangu Februari, ukitoa wiki za kupanda na kuvuna ambapo kundi lilisimama, alikuwa amewachimbia wanawake ishirini na watatu bila kukosa hata siku moja, na kwa kuwa kura ilimtupa mwisho, alisubiri. Sasa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Mbooni.

Muthoki aliyasema hayo yote kwa mkurugenzi wake. Akampa na shauri zuri: wageni wapelekwe Matinyani kwa basi, mwendo wa nusu saa, wakaone mwethya kwenye shamba la mtu anayeihitaji.

"Na viatu vyao?" Mwangangi aliuliza, akimtazama kwa mshangao wa kweli. "Utalii ni starehe, Muthoki. Watachimba nyuma ya Hoteli ya Mukuyu. Mimi mwenyewe nitakuja kuongea na hao mama."

Alikuja Jumapili, ibada ilipokwisha, akaegesha gari mahali watu walipozoea kufunga punda. Wanawake wa kundi walisimama kando ya ukuta wa kanisa wakiwa na Biblia zao. Mbele yao alisimama Kalunde, mwenyekiti wao, mwanamke mrefu asiyecheka bila sababu.

"Mama zangu," Mwangangi alianza, kwa sauti ya kwenye mikutano, "Kitui inaenda kuwa mji wa makongamano. Mimi naomba siku moja tu. Alhamisi mje hapo Mukuyu, mchimbe kidogo, muimbe, wageni wapige picha. Kila mmoja ataenda nyumbani na leso mpya."

"Alhamisi ni ya Mama Muthoki," Kalunde alisema.

"Si mtamchimbia siku ingine?"

"Ijumaa tunaweza. Ikipita hapo, mvua imefika." Kalunde alimkagua kuanzia viatu hadi kichwani. "Lakini sisi hatuinui jembe kama hakuna mwenye zamu. Hiyo Alhamisi itakuwa ya nani?"

Mwangangi aliangua kicheko na kujipiga kifua. "Basi iwe yangu! Mnihesabu mimi. Leo nimeingia mwethya!"

Alicheka peke yake. "Umesema mbele ya watu," Kalunde alisema.

"Nimesema, mama, nimesema!"

Muthoki alijua mkurugenzi wake alikuwa amejitia wapi. Kanuni za kundi lile alizijua tangu utotoni, na angeweza kumnong'oneza neno moja pale pale, akajiokoa. Lakini alimwona mama yake ameinamisha kichwa, anachora chini kwa ncha ya kiatu, mwanamke aliyesubiri miezi minane akiondolewa kwenye foleni kwa ajili ya leso.  Akamwacha ajifunge mwenyewe.

Mawakala arobaini walifika Jumatano, wakapewa maji ya kunawa kwa zamu na hotuba ya saa mbili. Kiongozi wao alikuwa Ndungu, bwana mnene wa Nairobi mwenye kamera mbili shingoni. Alhamisi asubuhi waliketi chini ya hema nyuma ya hoteli, na Mwangangi akashika mikrofoni.

"Tazameni," alisema, "furaha ya kazi!"

Kalunde hakumtazama. Alikuwa akipima mteremko kwa kamba na vijiti, mstari kwa mstari, kama ambavyo angepima shamba la mtu yeyote. Kisha akainua mkono, na wanawake ishirini na wanne wakaanza kuimba na kuchimba. Mwangangi alikuwa amesema wachimbe kidogo. Neno hilo halikuwa na maana yoyote kwao. Mwenye zamu hupewa kazi kamili, la sivyo ni matusi kwake. Kufikia adhuhuri ule uwanja wa nyasi ambao hoteli iliuandaa kwa ajili ya harusi, nyasi zilizoletwa kwa lori kutoka Limuru, ulikuwa na mitaro saba ya kina cha magoti, iliyonyooka vizuri kabisa. Mwenye hoteli alisimama mlangoni akishika kichwa. Wageni walipiga makofi, wakaingia ndani kula mbuzi na kuku na chapati. Wanawake walikaa nje kwenye udongo waliouchimba wakala mahindi na maharagwe waliyokuja nayo.

"Ijumaa," Kalunde alimwambia Mwangangi alipotoka akijichokonoa meno.

"Ijumaa, mama, Mungu akipenda," alijibu, na hakujua amekubali nini.

Alijua kesho yake, saa tatu asubuhi. Wageni walikuwa ukumbini kwa kikao cha mwisho, Mwangangi anaonyesha picha za jiwe la Nzambani ukutani, Ndungu amefungua kalamu ili aandike uamuzi. Mlango ukafunguliwa. Wanawake wa Matinyani wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja na majembe mawili au matatu begani, wakayapanga sakafuni mbele ya projekta. Ndila aliingia mwisho, akichechemea, akabaki karibu na mlango.

"Bwana Mwangangi," Kalunde alisema, "tumekuja kukuchukua. Jana ilikuwa zamu yako. Leo ni ya Mama Muthoki, na wewe sasa ni mtu wa mwethya."

"Mama, tuko kwa mkutano..."

"Tunaona. Na kwetu kuko na kanuni. Aliyekula kwa mwenye zamu siku ya zamu anahesabiwa mtu wa nyumba yake, na anatoka naye kuchimba. Tuliiweka kwa sababu kulikuwa na wengine wanaita jamaa zao wote kula, halafu siku ya kurudisha mkono wanatuma kasichana kamoja na kajembe kamevunjika." Alitembeza macho ukumbini. "Jana hapa wamekula watu arobaini. Na wewe ni arobaini na mmoja. Majembe tumewaletea."

Mwangangi alimfuata Muthoki kwenye kona akitabasamu kwa meno tu. "Waondoe," alimnong'oneza. "Sasa hivi."

"Siwezi, bwana. Ulisema mbele ya watu."

Huenda mambo yangeishia kwa aibu, na aibu ingemtosha. Lakini Ndungu alikuwa amesimama juu ya kiti akipiga picha majembe. "Mkurugenzi!" alisema kwa furaha. "Hii haikuwa kwa programu. Kumbe umetufichia utamu wa mwisho!" Na wale mawakala, ambao kwa siku mbili walikuwa wamekufa kwa uchovu wa hotuba, walianza kugombania majembe. Mwangangi aliona upepo umegeuka, akageuka nao. Alivua koti na kutangaza kwamba ndiyo, huo ulikuwa mpango wake tangu mwanzo.

Basi likaenda Matinyani. Wakateremka arobaini na mmoja kwenye mteremko wa Ndila, na kwa muda wa dakika ishirini walichimba. Kuchimba ni neno la heshima. Walichokora. Walipigana picha wakichokora, wakabadilishana kofia, wakapigana picha tena. Mmoja aliuliza kama kuna jembe jepesi. Mwangangi, kwa kutaka kuonekana, alivuta mtaro wake mwenyewe bila kuangalia kamba, akauteremsha moja kwa moja kutoka juu kwenda chini. Ndila alisimama juu yake akautazama.

"Kijana," alisema, "umenichimbia mto."

Wanawake wanne waliacha kazi yao wakaufukia. Kufikia saa saba wageni wote walikuwa kwenye kivuli cha basi, wakinywa soda na kuonyeshana malengelenge. Muthoki alikuwa miongoni mwao, akigawa chupa, maana ndivyo alivyoagizwa. Mikono yake ilikuwa safi, na kila alipomwangalia mama yake akipanda na kushuka na lile goti, aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Wanawake walichimba. Walitupa udongo juu, tuta baada ya tuta, wakishuka pole pole kuelekea mtoni, na saa kumi ilipofika ilibaki mitaro minne ya mwisho. Hiyo ndiyo iliyokuwa na maana zaidi, kwa sababu huko chini ndiko maji ya mteremko mzima yalikokuwa yakikusanya nguvu na kubomoa.

Ndungu alikuja akijifuta jasho, mkono wake begani kwa Mwangangi. "Nimeamua," alisema. "Februari tunakuja, wote mia nne. Hii ndiyo utalii. Lakini naona mnamaliza. Sasa hao watu wangu watakuja kuchimba nini?"

 Akili ya mtu kama Mwangangi haikwami mahali ambapo aibu ingemkwamisha mwingine. "Tutawabakishia," alisema. "Kalunde! Simamisheni hapo hapo. Hiyo sehemu ya chini mtaiacha mpaka Februari, iwe ya wageni."

Nyimbo zilikatika.

"Februari huo udongo utakuwa mtoni," Ndila alisema.

"Mama, fikiria mji kidogo! Mitaro minne tu. Na kundi sitaliacha hivi hivi. Mnajenga nyumba ya kinu cha kusagia mahindi, si ndiyo? Mabati ya nyumba hiyo ni yangu. Yote."

Nyumba ile ya kinu ilikuwa imesimama bila paa kwa miaka miwili, na kila mwanamke pale alitwika mahindi maili tatu kwenda kusaga kwa watu wengine. Kalunde aliegemea mpini wa jembe. Wanawake waliangalia chini, wakaangaliana, wakaangalia kila mahali ila usoni kwa Ndila. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Walikuwa wamechoka, na mabati ni mabati. Ndila naye hakuwasihi. Alikuwa amewapa siku ishirini na tatu za mikono yake, na alionekana kuona kwamba kuwakumbusha kungekuwa kuomba.

"Muthoki," Mwangangi aliita, "mweleze mamako. Anakusikia wewe."

Muthoki aliweka chini kreti ya soda. Alimwendea mkurugenzi wake, na Mwangangi akasogea kando ili apite kwenda kwa mama yake. Hakupita. Alilishika jembe ambalo Mwangangi bado alikuwa nalo mkononi kwa ajili ya picha, akalivuta, na kwa kuwa hakuwa amelishika kwa kazi, lilitoka bila taabu. Kisha akavua viatu vyake vya ofisi, akaviacha miguuni pa Ndungu, akateremka hadi kwenye kamba ya chini.

"Muthoki! Unafanya nini?"

"Nimekuandikia uongo miaka sita, bwana," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu wake. "Huu wa kumwambia mamangu, jiambie mwenyewe."

"Ukipiga hilo jembe, Jumatatu usikanyage ofisi yangu!"

Alipiga jembe. Pigo la kwanza lilikuwa baya, jembe likaruka kwenye jiwe, na mmoja wa wageni akacheka. La pili lilishika. Sketi ilimbana, akaipandisha magotini mbele ya mawakala arobaini na kamera zao, akaendelea. Alichimba peke yake kiasi cha hatua tatu hivi. Kisha Kalunde alitema mate kando.

"Zamu haijakwisha," alisema Kalunde, wala hakumwangalia mtu wa mabati. Aliteremka, na wengine wakamfuata, na wimbo ukaanzia pale ulipokatikia.

Mwangangi alibaki juu akimweleza Ndungu kwamba hizo nazo ni mila, kwamba wanawake wa Kitui wana moyo wa kujitolea usiopatikana popote, na kwamba kwa Februari yeye binafsi angewatafutia mteremko mwingine, mkubwa kuliko huu, usioguswa. Ndungu aliandika. Basi liliondoka kabla mtaro wa tatu haujaisha, kwa sababu wageni walisikia njaa. Vile viatu vilibaki pale vikiwa vimejaa udongo.

Mvua ilianguka Jumapili, katikati ya mahubiri. Iligonga mabati ya kanisa kwa nguvu hata mhubiri akaonekana anafungua kinywa tu. Ndila aliinuka. Muthoki aliinuka nyuma yake, na wote wawili wakatoka mbele ya macho ya washirika, wakaenda wakichechemea na kuteleza, bila mwavuli, mpaka shambani.

Maji yalikuwa yamesimama. Katika kila mtaro, kutoka juu mpaka chini, yalikuwa yamelala mekundu na kimya, na kutoka tuta la mwisho kwenda mtoni hakukuteremka hata ukoka. Ndila aliyakagua yote, mtaro kwa mtaro, akakanyaga kila tuta kwa mguu wake mzima kuona kama limeshika. Alipofika chini alisimama, maji yakimchuruzika kwenye kidevu. Muthoki hakujua kama mama yake analia.

"Kwa hivyo kesho hauna kazi," Ndila alisema.

"Sina, mwaitu," alimjibu mama yake.

"Kwa sababu ya mitaro minne."

"Minne."

Ndila aliangalia upande wa mto, mahali palipobaki kipande chembamba cha ardhi chenye majani, kisha akamgeukia binti yake, mikono kiunoni.

"Na pale," alisema, "mbona hukuchimba wa tano?"